Blanketi Moja Chini Lashinda Mawili Juu

Watu wa pwani wakija kwetu Dodoma mwezi wa Julai hushangaa. Wamezoea kusikia kwamba Ugogo ni nchi ya jua na vumbi, basi hufika na mashati yao membamba, na saa mbili ya usiku waonekana wamejikunyata penye jiko. Jua lipo kweli, na vumbi lipo. Lakini katika majira ya kipupwe, tangu Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini-mashariki huvuma mchana kutwa, na mbingu huwa safi bila wingu. Jua likishazama, joto la ardhi hupaa na kupotea, maana hakuna wingu la kulizuia. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka mara nyingi mpaka nyuzi 13 au 14. Ukipanda mlimani, kila mita 100 hupunguza kama nusu ya nyuzi na zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu aliyejenga juu ya mlima wa Kiboriani kule Mpwapwa, au katika safu ya Rubeho, au katika vilima vya Kondoa, hahitaji kufundishwa baridi ni kitu gani.

Mimi nilidhani naijua. Nimezaliwa katika nchi hii, nikasoma chuo cha ualimu, nikawafundisha watoto wa shule habari za joto na baridi kwa chaki ubaoni. Lakini somo lenyewe nililipata njiani usiku, nikiwa nimeshika taa, nikiwatangulia vijana wanne waliochukua mgonjwa kwenye machela.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, nilipanda kwenye kigango kimoja cha milimani kuandika majina ya watoto wa Ubatizo, maana hiyo ndiyo kazi ya karani wa parokia. Jioni, tulipokuwa tunafunga daftari, akaja mama mmoja mbio. Mkwewe amejifungua kabla ya siku zake, na kondo la nyuma halijatoka. Damu inaendelea. Katekista alipanda kwenye mwamba ulio nyuma ya kanisa, mahali pekee panapopata simu, akapiga namba 115. Hiyo ni namba isiyo na malipo ya mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, wa kuwapeleka hospitali kina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Tuliambiwa gari litakuja, lakini litaishia pale barabara inapoishia. Kutoka kigangoni mpaka pale ni mwendo wa saa tatu kushuka, na gizani ni zaidi.

Tukafanya machela kama tulivyoona wazee wetu wakifanya: mti mrefu mgumu, na shuka mbili nene zimefungwa huku na huku, mgonjwa amelala katikati kama mtoto ndani ya mbeleko. Nyumba ile na za jirani zilitoa mablanketi manne. Yote manne tukamfunika. Mtoto alikuwa ameogeshwa tayari, amefungwa kanga, akachukuliwa na bibi yake mgongoni. Tukaondoka, na kwa kweli nilijisikia vizuri moyoni. Nilijisemea, mgonjwa huyu hata upepo hautampata.

Tulipofika kwenye kilele cha kigongo, ambapo upepo hupita kama maji ya mto, yule mama akaanza kutetemeka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mgongo wangu unakufa." Tukasimama. Katekista akavua koti lake, tukaliweka juu ya yale mablanketi manne. Tukaenda. Baada ya mwendo kidogo akasema tena maneno yale yale. Mimi nikavua sweta langu, nikaliweka juu ya koti. Sasa alikuwa na rundo juu yake kama kichuguu, na meno yalikuwa bado yanagongana.

Chini ya kigongo lilikuwapo boma la mfugaji mmoja mzee. Mbwa wakabweka, mzee akatoka na tochi yake. "Mbukwenyi," akatusalimu, tukaitikia, tukamweleza. Akamulika machela juu, kisha akainama akamulika chini yake. Akauliza, "Wanangu, na chini mmemtandikia nini?"

Hakuna aliyejibu. Chini hatukuweka kitu. Kati ya mgongo wa yule mama na upepo wa Julai zilikuwako shuka mbili tu, tena zimevutwa kwa uzito wake mpaka zimekuwa kama ngozi ya ngoma.

JOTO HALITOKI KATIKA BLANKETI

Sasa, ndugu msomaji, hapa naomba tuache safari kidogo, nikueleze nilichopaswa kukijua mimi niliyekuwa mwalimu.

Blanketi halina joto. Liweke juu ya jiwe baridi usiku kucha, asubuhi jiwe litakuwa baridi vile vile. Joto lote latoka katika mwili wako, katika chakula ulichokula. Kazi ya blanketi ni kuzuia joto hilo lisikimbie, na linalozuia hasa si ule uzi, bali ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Hewa isiyotembea hupitisha joto polepole sana. Mtazame kuku asubuhi ya baridi: hujitutumua manyoya mpaka huwa mkubwa mara mbili. Hakuongeza unyoya hata mmoja. Amekusanya hewa tu.

Basi fikiri yanayotokea ukilala. Blanketi la juu limekaa wazi, limejaa hewa, lafanya kazi yake. Lakini lile ulilolalia umelikandamiza kwa mgongo, mabega na makalio, na hewa yake imetoka kama maji katika kitambaa kilichokamuliwa. Limebaki nguo tu. Ukilala juu ya ardhi, ardhi yanyonya joto lako. Ukilala katika kitu kinachoning'inia, kama machela, ni vibaya zaidi, maana upepo hupita chini yake na kuchukua joto kila dakika, na hauchoki. Ndiyo sababu mtu aliye kwenye machela aweza kutoka jasho kifuani na kuganda mgongoni kwa wakati mmoja.

Usidhani jambo hili ni la wagonjwa wa milimani tu. Angalia kitanda cha kamba kilichoko nyumbani kwako. Nacho ni machela yenye miguu! Hewa yapita chini yake kama chini ya daraja. Nyumba nyingi huweka mkeka mmoja juu ya kamba, kisha watoto watatu, kisha blanketi moja kubwa juu, na mama hushangaa kwa nini watoto wanakohoa na kujikunja usiku kucha. Katika tembe la zamani tabu hii ilikuwa ndogo. Nyumba ile ilikuwa fupi, ukuta wa miti na udongo mnene, paa la udongo pia. Ilikunywa jua mchana na kulirudisha polepole usiku, na watu walilala juu ya ngozi ya ng'ombe. Tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa vijijini, matembe yalipungua sana, na leo wengi wetu tumeezeka bati. Silaumu bati, hata mimi ninalo. Lakini bati halitunzi joto hata la saa moja, na ngozi ya ng'ombe tumeiona kuwa kitu cha kizamani tukaitupa.

WALIOJUA KABLA YETU

Yule mzee hakuwa wa kwanza kuuliza swali lile. Mwezi wa Aprili mwaka 1873, Daktari Livingstone alikuwa mgonjwa sana katika nchi ambayo leo ni Zambia, hata hakuweza tena kukaa juu ya punda. Chuma na Susi na wenzao wakamtengenezea kitanda cha kuchukuliwa. Habari zake zimeandikwa vizuri: miti miwili ya pembeni yenye urefu wa futi saba, vijiti vya futi tatu vimekatishwa kila baada ya inchi nne, vyote vimefungwa imara. Halafu, kabla ya blanketi, wakatandaza majani. Kitanda kikaning'inizwa kwenye mti mmoja, watu wawili wakauchukua mabegani. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei mwaka ule katika kijiji cha Chitambo, na watu wale wale waliuchukua mwili wake kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Sifa za safari ile zimeandikwa sana. Mimi nasimama kwenye yale majani. Walioyaweka walikuwa wamekwisha kuwachukua wagonjwa wengine, bila shaka.

Mabaharia nao walijua. Columbus alipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala katika vitanda vya wavu vilivyofungwa kwenye nguzo. Katika nchi ya joto jambo hilo ni raha tupu. Lakini mabaharia wa Ulaya walipoleta vitanda hivyo katika merikebu zao za bahari ya baridi, walitia godoro jembamba ndani yake. Na siku hizi wako wageni wanaotembea milimani kwa kujifurahisha, nao hulala katika machela za nailoni zilizofungwa kati ya miti miwili. (Sina hakika kwamba babu yangu angeelewa mtu mwenye nyumba kwenda kulala mtini.) Hao wameendelea mbele kidogo: blanketi nene lililojaa manyoya ya bata hulining'iniza kwa nje, chini ya machela, likigusa mgongo bila kukandamizwa, kusudi hewa yake isitoke. Ukilitazama, ni kuku yule yule aliyejitutumua, ila amegeuzwa chini juu.

TULIVYOENDELEA NA SAFARI

Mzee aliwaamuru vijana washushe machela ndani ya boma, nyuma ya ukuta. Mkewe akaleta kikapu cha majani makavu kutoka kwenye kibanda cha ndama, na ngozi moja ya ng'ombe. Majani yakatandazwa mengi, unene wa kiganja na zaidi, juu yake ngozi, manyoya yakiwa upande wa juu. Kisha mzee akatoa mablanketi mawili katika yale manne, akayakunja, akayaweka juu ya ngozi. "Haya mawili yalikuwa yanamwonea mwenzao tu," alisema. Mgonjwa akalazwa juu ya vitu hivyo, akafunikwa na mawili yaliyobaki, na kichwa chake kikafungwa kitambaa. Machela ikawa nzito zaidi, vijana wakaguna. Lakini hatujafika mbali, kutetemeka kukapungua, na yule mama akaomba uji.

Hapo nilifurahi, na ndipo nilipokosea mara ya pili, maana sikumkumbuka mtoto.

Gari tulilikuta. Kituoni muuguzi alimshughulikia mama kwanza, kisha akamfungua mtoto katika kanga. Kanga ile ilikuwa na unyevu. Mtoto alikuwa kimya, miguu baridi kama ya chura, halii wala hatetemeki. Mimi nilidhani amelala vizuri. Muuguzi akaweka kipimo: nyuzi 34 na nusu. Mtoto mchanga yampasa awe kati ya 36 na nusu na 37 na nusu. Bila kusema neno akamkausha, akamvika kofia, akamlaza uchi juu ya kifua kitupu cha mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa na kalamu mfukoni nikaonekana msomi.

Alinieleza mambo ambayo nimeyaandika na kuyabandika mlangoni pa ofisi ya parokia. Mtoto mchanga hajui kutetemeka kama mtu mzima; akipata baridi hunyamaza tu, huacha kunyonya, na watu husema ni mtulivu. Asiogeshwe siku ile ile. Afutwe akauke mara moja, na kuoga kungoje saa 24. Mahali pake ni kifuani, si mgongoni juu ya nguo. Njia hiyo ya kifua kwa kifua ilianzishwa na madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, mwaka 1978, kwa sababu hospitali yao ilikuwa na mashine chache za kuwapashia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mama ndiye akawa mashine. Kama mama hawezi, hata baba aweza, na bibi pia. Nilipomwambia bibi wa mtoto yule, alilia. Alikuwa amemchukua mjukuu wake mgongoni saa tatu nzima, juu ya gauni na shuka na kanga mbili, na joto lake lote liliishia katika nguo.

KWA ANAYELALA NJE

Wako wengi kati yenu mnaolala nje kipupwe hiki: wanaochunga ng'ombe mbali na nyumbani, wanaolinda mtama uliokwisha kuvunwa, warina asali, wanaokwenda hija kwa miguu. Kwenu nasema haya machache.

Usilale bondeni wala ndani ya korongo ukidhani umejificha upepo. Hewa baridi ni nzito, nayo hushuka usiku kama maji na kujaa chini. Panda kidogo ubavuni mwa kilima, nyuma ya jiwe au kichaka, chini ya mti wenye majani. Tandika kabla ya kujifunika: nyasi kavu, maganda ya mahindi ndani ya gunia, maboksi yaliyokunjuliwa, hata magazeti, pamoja na hili ukishalisoma na jirani akishalisoma. Kama huna ila blanketi moja na ngozi moja, ngozi iwe chini. Kama unayo mablanketi mawili na chini huna kitu, moja lilalie. Badili nguo iliyolowa jasho. Usijifunge katika nailoni kama mhogo uliofungwa kupikwa, maana jasho lako halitapata njia, na alfajiri utaamka umelowa. Nailoni iwe ya nje, kukinga upepo, na pawe na nafasi.

Kula kabla ya kulala, ugali wa kushiba, na kitu chenye mafuta kama kipo. Ama pombe, nawaomba wazee wangu wasinikasirikie. Pombe huifanya damu kukimbilia ngozini, ndiyo maana mtu hujisikia moto. Lakini damu ikiwa ngozini joto lake hutoka nje upesi. Anayelala njiani amelewa usiku wa Julai anapoteza joto kuliko mwenzake asiyeonja, na hana habari.

Mtu wa kuogopewa si yule anayetetemeka. Kutetemeka ni mwili unafanya kazi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, na likiendelea kushuka, mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, hujikwaa, husinzia, na kutetemeka hukoma. Huyo mpelekeni ndani, mvueni nguo zilizolowa, mpashe joto kifua na tumbo kwanza, mpeni uji wa moto ikiwa aweza kumeza, na tafuteni mganga wa hospitali. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala msimsogeze karibu na moto mpaka ngozi iungue asijue.

Na jiko la mkaa. Hapa sitaki kufupisha, maana nimeandika majina ya marehemu katika daftari kwa sababu yake. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha, huziba hata tundu la ukuta kwa matambara. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Hushika damu mahali pa hewa tunayovuta, na mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, asiamke. Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu watu hudhani hatari iko katika moshi. Pashia chumba joto mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu hajapanda kitandani. Kama wataka joto la usiku, chemsha maji, yatie katika chupa isiyovuja, ifunge kwa kitambaa, iweke miguuni. Au jiwe lililokaa kando ya moto, likifungwa gunia, hubaki na joto muda mrefu. Jiwe halijaua mtu kitandani.

MACHELA YA KIGANGO

Yule mama alipona. Mtoto alikaa kituoni siku kumi na moja, kifuani kwa mama mchana na kwa bibi usiku, naye bibi hakukubali kupokewa zamu. Nilimbatiza kwa kalamu, yaani nililiandika jina lake katika daftari, mwezi wa Septemba.

Kina mama wa kigango kile wameshona machela mpya, nami nimeruhusiwa kuieleza. Kitanda chake ni turubai nene, urefu wa mtu na zaidi. Chini yake, kwa nje, umeshonwa mfuko wa gunia wenye urefu ule ule, mpana kuliko turubai, ukilegea kidogo kusudi usivutwe na uzito wa mgonjwa. Mfuko hujazwa maganda makavu ya mahindi kupitia mdomo ulioachwa upande wa miguu, kisha mdomo hufungwa kwa kamba. Nje ya mfuko pameshonwa kipande cha nailoni kukata upepo. Ndani ya turubai hukunjwa ngozi ya ng'ombe, aliyoitoa yule mzee wa boma, naye alikataa kulipwa. Hapakutumika kitu kisichopatikana kijijini, isipokuwa uzi na turubai vilivyonunuliwa kwa mchango wa jumuiya. Tuliijaribu kwa kumlaza katekista ndani yake usiku mmoja, imefungwa kati ya miti miwili nyuma ya kanisa. Alisema alisikia baridi puani tu.

Imetumika mara tano mpaka sasa. Hutundikwa kwenye chumba cha sakristia, na maganda hubadilishwa kila Juni, maana panya nao wamegundua kwamba hapo pana joto.